Maji Yaliyoukimbia Ukuta Wangu

Baba,

Sijui barua hii nitaiweka wapi nikishaimaliza. Posta hawafiki uliko. Kuichoma naona ni kama kukutania, na nikiiacha kabatini Mama ataikuta, ataisoma yote, kisha atanisahihisha mwandiko. Basi naandika kwanza, pa kuipeleka patajulikana baadaye. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyokuwa ukianza safari, unachukua fimbo na kufika njiani, ndipo unauliza unakwenda wapi.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, ya kwanza ya maana tangu tukuzike. Nimekaa barazani na daftari ninaloandikia vipimo vya ujenzi. Mama yuko jikoni anamenya mihogo na kunung'unika kwamba kuni zimelowa. Hajui kama nakuandikia. Akijua atasema, "Mwambie na paa linavuja." Ni kweli linavuja, Baba, tena upande wa kitanda chako. Nitapanda kuliziba jua likitoka.

Nimechanganyikiwa. Nalisema hili mapema ili usije ukasoma hadi mwisho ukitafuta busara. Nina miaka thelathini na minane, ni fundi mwashi, nimejenga ofisi kule Kakonko ambazo wakubwa wanaingia na viatu vinavyong'aa, na mwaka huu nimeshindwa na majani.

Nianzie msibani. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Walitoka Kasulu mjini, wakatoka Kibondo, na kila aliyesimama kusema alisema habari za jicho la maji, ile chemchemi yetu ya bondeni. Walikuita Mzee wa Maji. Sikujua kama una jina hilo. Sisi nyumbani tulijua tu kwamba unatoka kabla jogoo hajawika vizuri, unarudi suruali imelowa magotini na mikono baridi, unakunywa uji umesimama. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Mama unakwendaga wapi. Akasema, "Kuloweka suruali."

Msiba ulipokwisha nikaanza kuuliza, kwa sababu nilijiona mjinga, mtoto wa nyumba asiyejua kinachojulikana na wapita njia. Kwa nini Baba alikwenda kulisafisha jicho lile kila siku ya Mungu, na hakuna aliyemtuma? Mwinjilisti akanijibu kuwa ilikuwa sadaka yako ya siri. Rafiki yako Mzee Gwimo akasema ulikuwa unakimbia kelele za Mama, akacheka mpaka akakohoa, halafu akalia. Mama mwenyewe alinitazama kama nimemuuliza kwa nini ng'ombe wanakula nyasi. "Mgongo wake ulikuwa unamuuma akilala sana," akasema. "Alikuwa anakwenda kuunyoosha." Basi nikawa na majibu matatu na hakuna hata moja lililoniingia.

Unakumbuka ile Jumamosi uliponichukua? Nilikuwa darasa la nne, au la tano. Kiangazi kilikuwa kikali na huku kwetu Titye mito midogo yote ilikuwa imebaki mawe. Tulishuka wawili hadi bondeni, kwenye ule mwamba ambao maji yanatokea chini yake. Ukachuchumaa. Ukapiga makofi taratibu, yale makofi yetu ya kumsalimia mkubwa, umeinama na viganja vinagusana polepole. Ulikuwa unayasalimia maji! Nikageuka haraka kuangalia kama kuna mtoto mwenzangu ameona.

Kisha ukaingiza mikono. Jembe hukuja nalo, wala panga. Ulitoa jani moja, ukalitazama, ukaliweka pembeni. Ukatoa la pili. Mimi nikaona tutakesha hapo, nikazamisha mikono yote miwili na kuchota majani kwa mkupuo. Tope likapanda, maji yote yakawa kama chai ya maziwa. Hukunigombeza. Ulikaa ukasubiri mpaka yakatulia, na yalichukua muda, Baba, nilihesabu siafu wote waliopita. Halafu ukasema, "Anza tena." Nikaanza tena, nikavuruga tena. "Anza tena." Mara ya tatu nikakwambia nachelewa shule. Ukanitazama vizuri. Ukaitikia kwa ndiyo yetu ya Kiha, "Ego, nenda shule." Nikapanda kilima mbio, na nilipofika juu ndipo nikakumbuka ni Jumamosi.

Hukunichukua tena. Miaka yote hii nilidhani ni mimi niliyekukwepa. Sasa sina hakika.

Jambo jingine ninalolikumbuka ni pale ulipokuja kunitembelea Kibondo, nikijifunza ufundi. Nilikuonyesha ukuta wa kwanza niliopiga lipu peke yangu. Nilisugua ule ukuta mpaka nikajiona kwenye lipu yake. Wewe ukauzunguka, mikono nyuma, ukarudi ukauliza, "Maji ya mvua yatatokea wapi?" Hivyo tu. Nilikasirika wiki nzima. Leo naliandika swali lako na masikio yananiwaka.

Sasa nifike kwenye kosa.

Unajua jinsi Mama alivyokuwa akikusumbua juu ya lile gomba. Ulikuwa unalaza gomba la mgomba chini ya jicho kama mfereji, maji yanateremka juu yake hadi kwenye ndoo, na gomba likioza unaweka jingine. Lakini lilikuwa chini mno. Mwanamke ilibidi apige magoti, aweke ndoo, isubiriwe ijae, kisha ainyanyue kutoka chini hadi kichwani. Mama alikuomba tangu nina akili uinue kidogo. Na wewe jibu lako lilikuwa moja: "Maji hayapandi kwa mtu, Mama Elia. Mtu ndiye anayeshuka." Naye anakujibu, "Basi shuka wewe ukaniletee." Na unachukua ndoo unashuka. Sisi tulikuwa tunacheka, tulidhani ni mchezo wenu wa uzeeni.

Nilipomwona Mama baada ya msiba, amejishika kiuno, anapanda kile kilima na ndoo, nikasema hapana. Mimi ni fundi. Baba amefariki, nitamfanyia nini kikubwa kuliko hiki? Nikaenda Kasulu nikaleta saruji mifuko mitatu na bomba. Nikalifungua jicho kwa sululu, nikachimba mpaka mwamba ukaonekana vizuri, nikajenga sanduku la mawe na zege lenye kimo cha kiuno cha Mama. Nilimpima kweli, nilimsimamisha pale na futi. Bomba likatoka juu, na chini yake nikajenga meza ya kuwekea ndoo. Anayechota anaweka ndoo, inajaa, anageuka tu inaingia kichwani. Hakuna kuinama wala kupiga magoti.

Zege likiwa bado bichi nikachukua msumari nikaandika: KUMBUKUMBU YA MZEE BUKURU. Chini yake nikaandika: FUNDI ELIA. Jina langu lilitoka kubwa kuliko lako. Nilijiambia ni kwa sababu zege upande ule lilikuwa laini zaidi.

Siku ya kufungua, mwinjilisti aliomba, wanawake wakapiga vigelegele, Mama akajaza ndoo ya kwanza na kuigeuza kichwani mgongo umenyooka. Nikauona uso wake, Baba. Uso ule sitaki mtu aniambie ulikuwa kosa. Lakini sikudanganyi, kutoka hapo siku nzima sikukuwaza hata mara moja. Niliwaza mkono wangu ulivyo mzuri. Nikapiga picha nikawatumia mafundi wenzangu Kakonko.

Maji yalitoka siku tisa.

Siku ya kumi yakapungua. Ya kumi na moja yakawa uzi, kisha matone, kisha bomba likawa kavu na nyigu akaanza kuchungulia ndani. Nikasema ni kiangazi. Watu wakaitikia kwa adabu, lakini kila mmoja alijua, na mimi nilijua, kwamba jicho lile halijawahi kukauka tangu babu zetu, hata mwaka ule mahindi yalipoungua yote. Nikafunua mfuniko nikaingia mwenyewe ndani ya sanduku. Ukuta ulikuwa na alama ya maji mpaka kwenye bomba. Maana yake yalikuwa yamepanda mpaka pale, yakasimama, halafu yakaondoka. Nikakaa mle ndani kama mtu aliyeingia kisimani kutafuta kiatu.

Kesho yake habari zikaja kwamba maji yametokea kwa Mama Devota.

Unamjua kuliko mimi, lakini nilivyomjua mimi ni hivi tu: mjane wa jirani yetu wa chini, aliyevuka kutoka Burundi akiwa binti, akaishi kambini Mtabila na wazazi wake mpaka alipoolewa hapa kwetu. Kambi ilipofungwa ndugu zake walirudi kwao, yeye akabaki na mume, na sasa amebaki na kaburi la mume na binti yake Devota. Ana kipande cha maharage hatua kama sitini chini ya mwamba. Maji yalipenya chini ya ukuta wangu, yakaenda kuzuka katikati ya maharage yake. Majani yakaanza kuwa manjano yakiwa bado hayajatoa ua.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. "Maji hayahami bila kuitwa." Nilimsikia mtu akisema hivyo kwenye kinu cha kusaga. Mwingine akasema mtu wa kuja huwa ana mambo yake. Walikuwa wanakwenda kuchota kwake, wanakanyaga maharage yake, wanapanda kilima na ndoo zimejaa, wakifika juu wanamsema. Wakaacha kumsalimia vizuri. Unajua sisi, Waha, salamu ni kusimama, kutua ulichobeba, mikono miwili. Kwake wakawa wanapita wakitikisa kichwa, ndoo iko kichwani. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kikao, Mama Devota aje aeleze.

Mimi watu wananijia nyumbani kunipa pole. "Pole, fundi, kazi nzuri imeharibiwa." Na mimi nikasema, "Asante."

Nilisema asante, Baba. Si mara moja.

Je, nilikuwa najua? Hili ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Nilijua kama mtu anavyojua kuwa mlango hakuufunga lakini hataki kutoka kitandani. Ukilazimisha maji kupanda yanasukuma nyuma, yanatafuta pa kutokea, fundi yeyote anajua. "Maji ya mvua yatatokea wapi?" Nilijua, halafu nikawa sijui, halafu mtu akija na pole yake naiona ni heri kutojua.

Ijumaa asubuhi nilishuka mapema. Nilikwenda kutafuta nini? Nadhani nilitaka nione kitu chochote kwake, dalili yoyote, niupumzishe moyo. Nilimkuta amepiga magoti katikati ya shamba lake. Alikuwa ameng'oa mistari mitatu ya maharage kwa mkono wake mwenyewe, watu wapate njia, na amelaza gomba jipya chini ya maji. Hakuniona. Akapiga makofi taratibu, ameinama, viganja vinagusana polepole. Kisha akaingiza mikono, akatoa jani moja, akalitazama, akaliweka pembeni.

Nilidhani ni wewe.

Nilimsalimia, akageuka, akaona nilivyoshtuka. Akasema, "Mzee wenu alinionyesha. Alipougua nikawa nakwenda mimi."

Unakumbuka zile siku zako za mwisho ulivyokuwa unauliza, "Majani je?" Ulikuwa unauliza kila asubuhi, sauti imekwisha, na mimi namwambia Mama, Baba ameanza kuweweseka. Na Mama anakuinamia sikioni, "Yametolewa, Baba Elia." Unatulia. Nilidhani anakubembeleza. Kumbe alikuwa anakupa habari za kweli, na mwenye kuzileta alikuwa mwanamke huyu ambaye nilikuwa nimemwacha asemwe.

Nikamwambia, au nilijaribu kumwambia, kwamba ni ukuta. Akanikatiza kwa upole kama anayemwambia mtu kola imegeuka. "Maji yalichoka kusimama, fundi. Yameshuka kukaa." Alikuwa anajua tangu mwanzo! Nikamuuliza kwa nini basi hajajitetea, watu wanamla nyama, na Jumapili watamweka katikati. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Ningesema nini? Ulikuwa unamjengea mama yako."

Nikapiga magoti palepale kwenye tope, na kwa sababu sikujua la kufanya nikaingiza mikono kwenye maji nitoe majani. Nikavuruga. Yeye akasubiri nami mpaka yakatulia. Halafu akasema, "Anza tena."

Nilimwonea wivu. Naona haya kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyo. Nilipaswa kuwaza dhambi yangu, nikawa nawaza kwamba maneno yangu ameyachukua mtu mwingine. Kwa nini ulimfundisha yeye? Au alifundishwa kwa sababu hakukuambia anachelewa shule?

Jumapili nilikuwa nimejiandaa. Nilichora hata mchoro kwenye daftari hilihili, niwaeleze jinsi maji yanavyosukuma, ili nionekane nimekosea kitaalamu. Kikao kilikaa nje ya kanisa. Mama Devota akasimamishwa mbele, na Devota kamshika mkono. Mwenyekiti akakohoa. Nikanyanyuka kabla hajaanza, mchoro mkononi, na nilipofika katikati nikawa sioni hata mistari yake. Nikautia mfukoni. Nikapiga magoti mbele ya Mama Devota na kupiga makofi kama tunavyowapigia wakubwa. Mikono yangu imepasuka kwa saruji, ilitoa sauti ya magome. Nikasema, "Ukuta ni wangu. Maji yameukimbia ukuta wangu. Huyu mama hana kosa, mimi nilijua nikanyamaza."

Halafu rafiki yako Gwimo akasema kutoka nyuma, "Fundi, ulidhani maji ni ng'ombe, ukayajengea zizi?" Watu wakaangua kicheko, kicheko kikubwa, Baba, cha watu waliokuwa wamebanwa. Walinicheka mimi. Mama alikuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeogopa kicheko hicho kuliko kitu chochote, na kilipokuja kilinipita nikabaki mzima.

Mama Devota naye akainama akanirudishia makofi yangu. "Ego, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe. "Simama, suruali itachafuka." Ilikuwa imeshachafuka.

Ningependa nikwambie kwamba wote walimwomba radhi. Wako waliomwomba. Wako waliosema wao hawakusema kitu, na wawili watatu bado wanapita kwake na ndoo kichwani. Sijui niwafanyeje. Mimi na asante yangu nina mdomo gani?

Jumatatu nikauvunja ukuta. Nyundo na mtaimbo, siku nzima, na hakuna aliyenisaidia kwa sababu sikumwomba mtu. Nilifika mpaka kwenye mwamba, nikasafisha, nikalaza gomba kama lilivyokuwa. Nikakaa kusubiri. Nilikuwa nimeungama mbele ya watu, nimebomoa kazi ya mikono yangu, na moyoni nilishapanga maji yarudi jioni ile, kama kwenye mahubiri. Hayakurudi. Kesho yake hayakurudi, na leo ni wiki ya sita. Wewe ungefanyaje? Ungenuna? Mimi nilinuna. Kisha nikamwuliza Mama kama hana hasira, maana sasa anashuka hatua sitini zaidi na kuinama ni kulekule. Akasema, "Angalau umenisogeza kwa Mama Devota. Tunaongea."

Kwa hiyo nakwenda kwake asubuhi. Tunapokezana, siku moja yeye, siku moja mimi. Tumeng'oa mstari mwingine wa maharage, na mimi namlimia kipande cha juu badala yake, kwenye udongo mkavu. Ulikuwa unasema, "Ukiwa kwenye maji, uwe kwenye maji." Ni kazi ngumu kuliko zege. Naweza kutoa majani matano nikiwa pale kweli, mikono inauma kwa baridi na naona kila mshipa wa jani. La sita najiambia, tazama Elia, siku hizi hujifikirii tena. Na papo hapo nimeshaondoka, niko juu ya kilima najitazama nilivyo mnyenyekevu. Naanza tena. Je, wewe pia ilikuwa hivyo? Miaka yote ile ulikuwa mle kwenye maji, au na wewe ulikuwa unarudi kila mara kutoka mahali? Ningejua hilo tu ningelala vizuri.

Kuna kipande kimoja cha ukuta sikuweza kukivunja, kile chenye majina. Nilikizunguka siku mbili. Kukigonga kwa nyundo ni kukupiga wewe, na kukisimamisha mahali ilikuwa ni kujisimamisha mimi. Mwishowe nikakibingirisha hadi kwa Mama Devota, nikakilaza kwenye tope pale wanapopigia magoti kuchota, maandishi yakiangalia chini. Wanawake wanapiga magoti pale pakavu sasa. Mama alipokiona alikaa akakipapasa pembeni kwa kidole, akaweka ndoo yake.

Kakonko wananipigia simu, kazi inanisubiri. Nimewaambia nitarudi mahindi yakishapandwa. Sijui hata kama nataka kurudi, sijui kama nikibaki ni kwa ajili ya maji au ni kwa ajili ya kuonekana nimebaki. Hapo usinisaidie, najua ungeniuliza tu swali jingine. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: siku yoyote nitakayoamkia nyumba hii, majani yatatolewa kabla sijanywa uji wa Mama. Nikiwa sipo, yuko yule uliyemfundisha vizuri kuliko mimi. Na Devota ameanza kushuka na mama yake. Jana alivuruga maji yote, tukasubiri.

Mvua imepungua. Naona moshi wa Mama umeanza kupanda vizuri. Nitakwenda kwenye paa lako sasa, kabla haijarudi.

Lakini nikwambie kitu kimoja kabla sijakuaga. Wiki hii mwalimu mmoja mgeni aliyehamishiwa shuleni hapa kutoka Singida alinikuta napanda kilima alfajiri, suruali imelowa magotini. Akaniuliza nakwenda kufanya nini kule chini kila siku, na nani anayenituma. Nilifikiri sana, Baba. Nilitafuta jibu la kweli nikapekua kila mahali, nikawaza sadaka, nikakuwaza wewe, nikawaza kosa langu, na kila nililolishika likawa kubwa mno mdomoni. Mwishowe nikamwambia, "Mgongo unaniuma nikilala sana."

Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama njiani.

Pumzika, Baba. Yametolewa.

Mwanao,
Elia